Taa ya Breki Isiyozimika

Vijana wa gereji, tangu nikabidhi ufunguo wa kabati la spana mnapita nyumbani kwangu kwa zamu. Mmoja anakuja kuuliza habari za rilei, mwingine anakuja kuuliza kama chai imeiva. Mke wangu amevumilia, kisha juzi akaniambia, "Hayo unayowaambia si uyaandike, wakayasome kwao na sukari yao?" Basi naandika, na lawama za chai mpelekeeni mwenyewe.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea mara nyingi, na la pili halichekeshi. Nitawaeleza kazi, na hasa gari moja jeupe ambalo mpaka leo nikiliota naamka natafuta taa ya kupimia.

Niliingia gereji nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti chenye alama nzuri ya fizikia niliyoibeba kama kikombe cha mpira. Aliyenipokea ni Mzee Yohana, fundi umeme. Alikuwa mtoto wa stesheni kwelikweli: babu yake alikuja Kilosa kwa kazi ya reli, baba yake alitengeneza mabehewa, na yeye alikuwa akisema akijikata hutoka grisi kwanza, damu baadaye.

"Umeme umeusoma?" aliniuliza siku ile ya kwanza.

"Ndiyo, mzee."

"Unatoka wapi?"

"Kwenye betri."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye taa, mzee, taa inawaka."

"Halafu?"

Kwenye mtihani hapakuwa na halafu.

"Halafu unarudi nyumbani," akasema. "Unapita kwenye bodi ya gari, unarudi kwenye betri. Usipopata njia ya kurudi, hautoki hata mlangoni. Hiyo njia ya kurudi ndiyo ethi. Umesikia?"

Nilisikia. Na baada ya miezi michache alipogundua kwamba mimi kila jioni narudi kwetu moja kwa moja, sijawahi kufika hata Morogoro mjini, na nikialikwa harusi hapo Kimamba tu naumwa tumbo, akanipachika jina la Fundi Ethi. Jina likashika kuliko la ubatizo. Hata mama mkwe wangu aliniita kwa jina hilo nilipokwenda kumposa binti yake. Sikukasirika. Nyumbani kwangu napapenda, na kobe hajawahi kuulizwa kwa nini hatembei bila nyumba.

Miaka ile ya mwanzo spea hazikuwepo. Hamwezi kuelewa, ninyi mnaopiga simu Dar es Salaam asubuhi na jioni kifurushi kinashuka kwenye basi. Sisi tulifufua. Taa yangu ya kupimia niliitengeneza kwa balbu ya pikipiki, waya mbili, na spoku ya baiskeli niliyoichonga ncha. Balbu ya breki ikiungua waya wake, Mzee Yohana aliitikisa pembeni ya sikio lake, akaigongagonga kwa kucha mpaka ncha za waya zigusane zishikane, ikawaka tena wiki mbili, mwenye gari akaondoka anatushukuru kama tumemfufulia ng'ombe.

Katika uhaba ule ndipo tulipojifunza namna yetu ya kukagua taa za nyuma. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga breki, mwingine anasimama nyuma. Wa mbele anapaza sauti, "Inawaka?" Wa nyuma anajibu, "Inawaka." Basi, kazi imekwisha, wanapeana mikono. Shida ya siku zile ilikuwa kupata taa iwake. Ikishawaka, nani ana muda wa kuuliza la pili? Wekeni hilo akilini, nitawaonyesha lilivyotutoa jasho.

Kisha soko likafunguliwa. Mitumba ikajaa, redio zikajaa, na magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kupanda kutoka bandarini mpaka kwetu. Magari yale yalikuwa na waya nyingi kuliko akili zetu. Lilikuwepo moja, ukifungua mlango sauti ya mwanamke inakwambia maneno laini ya Kijapani. Mpaka leo sijui alikuwa ananikaribisha au ananionya. Mzee Yohana, ambaye kwa umri ule alikuwa ameshaacha kulala chini ya magari na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kwenye benchi na kutusema, alimwitikia kila mara: "Asante, mama, nasi tupo."

Gari jeupe ninalolisema lilikuja katika msimu huo. Lilikuwa la mradi mmoja wa mbegu uliokuwa na ofisi pale mjini, na bosi wake alikuwa Mama Theresia, mama mnyamavu aliyevaa miwani ya kamba. Dereva wake alikuwa Mzee Salehe, mwenyeji wa bondeni pale, ukoo wao wamelima mpunga tangu hakuna anayekumbuka. Alikuwa mrefu, na hata shati lake la kazi lilikuwa limepigwa pasi kama la Idi. Asubuhi moja akaliingiza gari gerejini, akazima, akakaa humo kidogo kabla ya kushuka.

"Shikamoo, Mzee Salehe."

"Marahaba, Fundi Ethi. Bado uko Kilosa?"

"Bado, mzee. Nikihama wewe utajua wa kwanza, maana utanibeba."

"Sitakubeba. Utatapika kabla ya kuvuka mto." Akaegemea mlango. "Nina kitufe kimegoma. Kruzi."

Nilikuwa nimesikia kruzi inatajwa, sijawahi kuigusa. Akanielekeza. Ukifika mwendo unaoutaka, unabonyeza kitufe kwenye usukani, unaondoa mguu kwenye mafuta, na gari linaushika mwendo ule lenyewe. Ukigusa breki, linaachia.

"Na wewe wakati huo unafanya nini?"

"Nakaa. Abiria mwenye usukani."

"Sasa ugonjwa wake?"

"Asubuhi inashika vizuri. Jua likipanda, inashika kidogo inaachia. Mchana haishiki kabisa. Kesho yake asubuhi inashika tena kama haikutokea kitu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee Salehe, madereva wote wa wilaya hii wanakanyaga mafuta kwa mguu, na mwili hauwadai kitu. Kanyaga kama wenzio."

Hakucheka. Aliangalia mlangoni, akaangalia kwenye benchi la Mzee Yohana, kisha akapandisha mguu wa kulia wa suruali. Goti lilikuwa limevimba kama kibuyu cha uji.

"Nikikanyaga mafuta safari ndefu," akasema polepole, "nikifika nusu ya njia mguu unakufa ganzi. Kile kitufe kinaupumzisha. Wiki ijayo nawapeleka wageni Iringa, na Mama mwenyewe yumo ndani. Kitufe kikigoma, ataona. Na Morogoro wamejaa vijana wenye magoti mapya, wanasubiri kuitwa. Binti yangu yuko kidato cha tatu, fundi. Nataka nimfikishe cha nne nikiwa kwenye usukani."

"Mama hajui?"

"Hajui. Na wewe hujui."

"Mimi sijui nini?" akauliza Mzee Yohana kutoka kwenye benchi, macho amefumba.

"Wewe hujui tangu zamani, mzee," nikamjibu, na hapo Mzee Salehe akatabasamu kidogo.

Nikaanza kazi. Fyuzi zilikuwa nzima. Kitufe chenyewe nikakifungua, nikakisafisha, nikakifunga, nikabaki na skrubu moja mkononi ambayo sikujua imetoka wapi. Nikafuata bomba la upepo linalovuta waya wa mafuta, halikuwa na tundu. Mzee Yohana akanisikiliza nikihema chini ya dashibodi mpaka akachoka.

"Wewe msomi," akasema. "Kitufe kinaachia wakati gani?"

"Breki inapokanyagwa."

"Nani anakiambia kwamba breki imekanyagwa?"

"Ile swichi ya juu ya pedeli. Inayowasha taa za nyuma."

"Basi acha kukisumbua kitufe, kaulize kwa mbeya mwenyewe."

Alikuwa sahihi, na ninyi lishikeni hilo. Swichi ya breki ni kidude kidogo chenye kichwa kama cha kalamu, kimefungwa juu ya mkono wa pedeli. Pedeli ikiwa juu, inakibana kile kichwa, umeme umekatika. Ukikanyaga, pedeli inashuka, kichwa kinachomoza, umeme unapita kwenda kwenye taa za nyuma. Na kwenye magari yenye kruzi, waya uleule unapeleka habari kwenye kisanduku cha kruzi: huyu amekanyaga, achia. Swichi ikisema uongo, kruzi inauamini.

Basi nikakaa kwenye usukani, Mzee Yohana akajikokota mpaka nyuma ya gari. Nikakanyaga.

"Inawaka?"

"Inawaka. Zote."

Nikashuka, nikatangaza kwamba breki haina kosa. Mzee Yohana akarudi kwenye benchi lake ameridhika. Wote wawili tulikuwa tumefanya kazi kwa mujibu wa mila.

Siku zikawa zinakatika, safari ya Iringa inasogea. Na kulikuwa na tatizo jingine. Kitufe kile hakikubali kubonyezwa gari likienda chini ya kilomita arobaini kwa saa. Kwa barabara za Kilosa za wakati ule, mwendo huo ulifikiwa na treni, na padri mmoja aliyekuwa na pikipiki na imani. Kuijaribu kruzi ilibidi twende Mikumi, kwenye lami.

"Nenda uijaribu, mzee, halafu uje unisimulie," nikasema.

"Nikikusimulia utatengeneza simulizi. Twende wote."

Mke wangu aliposikia naenda Mikumi alikaa chini kwanza. Akanifungia viazi, maji, na shuka. Nikamwambia narudi jioni. Akasema, "Najua, shuka ni la kujifunika njiani usione barabara."

Tukaondoka asubuhi, kuna ubaridi. Njia ya Kilosa kwenda Mikumi ilikuwa inatupigapiga kama tunadaiwa. Mzee Salehe alikwepa mashimo kwa majina: hili la daraja, hili la msikiti, hili jipya bado halijabatizwa. Tulipotokea kwenye lami jua limeshapanda. Tukashika upande wa mbugani, kwa sababu ndiko kulikonyooka.

Akafikisha mwendo. Akabonyeza. Gari likashika, na nikaona mguu wake wa kulia unarudi nyuma taratibu, bega lake linashuka, uso unalainika. Nikaelewa hapo kitufe kile kilikuwa nini kwake. Kikaachia. Akabonyeza tena, kikashika kidogo, kikaachia. Mara ya tatu hakikushika.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

Mimi nikainama chini ya dashibodi na taa yangu ya kupimia, kichwa karibu na viatu vyake, nikitaka kujua umeme unafika wapi. Huku juu nikasikia anapiga honi kidogo, ya adabu.

"Unampigia nani?"

"Kuna lori la sukari nyuma ananisalimia. Anawasha taa." Akainua mkono kwenye kioo. "Barabara hii siku hizi ina heshima sana, fundi. Zamani ilikuwa waliotoka mbele tu, wanakuwashia taa ujue kuna tembo au kuna askari. Sasa hata wa nyuma wananisalimia. Kila safari, mchana kutwa, nawashiwa taa."

"Kila safari?"

"Kila safari. Nadhani wamezoea gari."

Niliinuka nikaangalia nyuma. Lori lile lilikuwa linawasha na kuzima taa kubwa kwa namna ambayo mimi, mtu wa nyumbani, sikuiona kama salamu. Lakini mimi nani? Yeye ndiye aliyezeeka barabarani. Nikarudi chini.

Nilipoinua kichwa tena, mbele wametokea ngiri wanavuka barabara, mikia juu, mama na wanawe. Mzee Salehe akafunga breki. Nyuma yetu nikasikia matairi ya lori yanalia. Kivuli kikafunika kioo cha nyuma, lori likapinda kwenda kwenye majani, likasimama sambamba na sisi, vumbi limetumeza wote. Ngiri hawakugeuka hata kutazama.

Dereva wa lori akashuka. Alikuwa kijana mnene wa Kidodi, amevaa fulana ya mpira, jasho linamchuruzika. Akazunguka mpaka dirishani. Hasira ilikuwa imemjaa usoni, lakini alipomwona Mzee Salehe ana mvi, adabu ikamshinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Ahsante, mzee. Naomba nikuulize kwa heshima zote. Huo mguu kwenye breki umeuotesha, au tukusaidie kuung'oa?"

"Mguu gani?"

"Tangu Mikumi taa zako za breki zinawaka. Nimefunga breki nyuma yako mpaka zimenuka. Nakuwashia taa uachie, unanipungia mkono. Nawasha tena, unanipigia honi. Mwishowe nikasema huyu mzee hafungi breki, anatania. Nikaacha kukuamini. Na ndipo ukafunga kweli." Akapangusa uso. "Mzee, mimi nimeoa juzijuzi tu."

Mimi nikashuka, nikaenda nyuma ya gari. Nikamwambia Mzee Salehe aondoe mguu kwenye pedeli. Akasema ameshauondoa. Taa za breki zilikuwa zinawaka, nyekundu, zimetulia kabisa mchana ule.

Pale gerejini tulikuwa tumeuliza "Inawaka?" na ikawaka. Hakuna hata mmoja, mimi wala Mzee Yohana wala aliyemfundisha Mzee Yohana, aliyewahi kuondoa mguu akauliza, "Imezima?"

Nikarudi chini ya dashibodi, safari hii naangalia swichi yenyewe wala si waya. Mahali kichwa cha swichi kinapokutana na mkono wa pedeli pana tundu, na tundu lile kiwandani huzibwa kwa kidonge cha plastiki ngumu, ndicho kinachokibana kichwa. Kidonge hakikuwepo. Palikuwa na kitu cha bluu, laini, kimebonyea katikati kama mto wa kulalia. Nikakichomoa.

"Mzee Salehe. Hii si ndala?"

Akakipokea, akakigeuza. "Ni ya mama watoto. Ya kushoto."

"Imefikaje hapa?"

"Kile cha plastiki kilivunjika makombo, yakadondoka kwenye zulia. Nikayafagia, sikujua ya nini. Taa zikawaka usiku kucha, zikamaliza betri. Nilikuwa nimepeleka mbegu Berega, dereva mmoja wa huko akaniambia kata ndala, bandika. Nikabandika, zikazima. Nikaona mambo yamekwisha."

"Na mimi siku zote hizi nafungua kitufe chako, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kuhusu kitufe. Hukuniuliza kuhusu ndala."

Mtamlaumu, lakini ndala ile ilifanya kazi yake vizuri tu wakati wa ubaridi. Asubuhi mpira umekaza, unakibana kichwa cha swichi. Jua likipanda, joto la injini likishuka miguuni, na barabara yetu imeutwanga, mpira unalainika na kunywea. Kichwa kinachomoza kidogo, umeme unapita, taa zinawaka, na kisanduku cha kruzi kinaambiwa mtu amekanyaga breki. Kinaachia, kama kilivyofundishwa. Jioni gari likipoa mpira unarudi. Kesho yake asubuhi linakuja gerejini halina hatia. Kitufe hakikuwahi kuumwa. Ndicho pekee ndani ya gari lile kilichokuwa kinasema kuna jambo nyuma, na mimi nilikuwa nakisafisha kwa petroli kikae kimya.

Yule kijana wa Kidodi alikuwa na bolti fupi yenye kichwa bapa kwenye kopo lake. Nikaipitisha kwenye tundu, nikaikaza kwa nati upande wa pili, nikairekebisha swichi taratibu mpaka kichwa kibanwe sawasawa huku pedeli ikiwa huru. Kijana akasimama nyuma ya gari.

"Inawaka?"

"Inawaka."

"Imezima?"

"Imezima. Endelea, fundi, hii nzuri."

Tukarudia mpaka akaridhika. Akamuaga Mzee Salehe kwa heshima, akamwambia akimwona tena atamsalimia kwa mkono tu.

Tukageuza kurudi Mikumi. Mzee Salehe akabonyeza, kruzi ikashika, na jua likiwa kali kuliko mwanzo haikuachia. Nilijisikia fundi. Nikafungua viazi, nikampa kimoja, nikaanza kumweleza nitakavyomsimulia Mzee Yohana.

Twiga alikuwa amesimama kwenye miti kushoto. Tulimwona wote kwa mbali. Akaamua kuvuka. Hakukimbia, alitembea tu, hatua zile ndefu, kama mwenye barabara. Mzee Salehe akasogea ili akanyage breki, na mguu haukuja. Ulikuwa umenyooka mbele muda wote ule, goti limekaza. Nikaona mkono wake wa kulia unaachia usukani, unashika suruali juu ya goti, unaunyanyua mguu kama mtu anayenyanyua mzigo wa mwenzake, na kuuweka juu ya pedeli. Kisha akaegemea kwa mwili mzima.

Tulisimama. Twiga akapita, nikaliona tumbo lake juu yetu. Kiazi changu kilikuwa kwenye kioo.

Akazima injini. Tukasikiliza ndege.

"Umeona," akasema.

"Nimeona, mzee."

"Utasemaje?"

Nikamwambia, "Taa nimetengeneza, mzee. Swichi nimetengeneza. Goti si fani yangu. Na Mama atakuwa amekaa nyuma yako."

Alikaa na mikono kwenye usukani, viganja vimefunguka. Nilijua anamhesabia binti yake mihula. Kisha akafungua mlango, akazunguka mbele ya boneti polepole, akafungua wa kwangu.

"Hamia huko. Endesha wewe."

"Mimi? Mzee, mimi naendesha magari ndani ya ua."

"Basi endesha kama uko uani. Tutafika."

Tulifika. Alinicheka njia nzima kutoka Mikumi mpaka Kilosa. Alisema kuku wanatupita na vifaranga. Alisema shimo la msikiti nimeliingia kwa heshima kama naingia kuswali. Alikuwa anacheka na mkono wake uko kwenye goti, haukuondoka.

Hakupita gerejini. Aliniambia nimpeleke ofisini, tena niingie naye, "usije ukakimbilia nyumbani." Mama Theresia alikuwa bado mezani. Mzee Salehe hakukaa alipoonyeshwa kiti. Alimweleza yote akiwa amesimama: goti, kitufe, ndala, lori, twiga. Mimi nikachunguza dari.

Mama alivua miwani.

"Mzee Salehe, lile gari unadhani nililichagua kwa rangi?"

"Sijui, mama."

"Kule bandarini yalikuwepo mengine, mazuri kuliko hilo. Nililichukua hilo kwa kile kitufe. Nakuona unavyoshuka ngazi zangu. Nimekuona kabla gari halijanunuliwa."

Mzee Salehe akashika mgongo wa kiti. "Mbona hukuniambia?"

"Kumwambia mtu mzima habari za mguu wake? Nikasema ni heshima kunyamaza, atasema mwenyewe. Na wewe mbona hukuniambia?"

"Nami nikasema ni heshima kutokukutia wasiwasi."

"Basi tumeheshimiana," akasema Mama Theresia, "mpaka ilibaki kidogo tuheshimiane kaburini, na wageni wangu juu."

Ndipo akaketi. Nikasikia goti lake.

Safari ya Iringa ilikwenda na kijana kutoka Morogoro kwenye usukani. Mzee Salehe alikaa kiti cha mbele kushoto, kwa amri ya Mama, kwa sababu kijana alijua gari lakini hakujua barabara. Akabaki na cheo cha msimamizi wa safari, hapohapo mradini. Gari likienda bila yeye, Mama alikuwa anauliza wameliazima wapi. Binti akafika kidato cha nne.

Kijana yule wa Morogoro alikuja gerejini baada ya miezi kadhaa, amekunja uso.

"Shikamoo, fundi. Nisaidie. Mzee Salehe kila kona, kila mnyama, kila baiskeli, anakanyaga breki."

"Breki ipi? Si amekaa kushoto?"

"Anakanyaga sakafu. Kwa ule mguu mzima. Zulia limetoboka, bati linaonekana."

Nikaenda kuangalia. Kweli, palikuwa na tundu la kisigino, la duara, limekaa mahali palepale ambapo pedeli ingekuwa. Nikakata kipande kinene cha tairi la lori, nikakichonga kwa ukubwa wa pedeli, nikakikaza pale kwa skrubu mbili.

Kijana akanitazama. "Sasa, fundi, hii inafunga nini?"

"Usimwambie," nikasema, "na kila akikanyaga, wewe punguza mwendo."